Kuthamini Mali ya Kale katika Pwani ya Afrika Mashariki

Kuthamini kitu cha kale ni kutafuta bei ya haki ya kitu ambacho hakitengenezwi tena, au kinachotengenezwa kwa kuigwa tu. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Pate na Lamu hadi Mombasa, Zanzibar, Bagamoyo na Kilwa, kazi hiyo ilikuwapo kabla ya makumbusho na kabla ya maduka ya vinyago. Milango ya nakshi, makasha yenye misumari ya shaba, viti vya enzi, mabakuli ya kaure, vikuku vya fedha na sarafu za masultani vilipimwa na watu wa aina nyingi: wazee waliogawa mirathi, masonara, madalali, wakusanyaji wa kigeni, wataalamu wa makumbusho na maofisa wa Mambo ya Kale. Kila kundi lilikuja na kipimo chake. Historia ya vipimo hivyo ndiyo inayoeleza kwa nini leo kitu kilekile kinaweza kutajiwa bei tatu tofauti, na kwa nini ushahidi wa kilikotoka umekuja kuwa na uzito kuliko mbao, shaba au fedha kilichotengenezwa nayo.

Mirathi, zaka na mizani ya sonara

Haja ya kwanza ya kuthamini ilitoka ndani ya nyumba. Sheria ya Kiislamu huwagawia warithi mafungu yaliyopangwa: mke hupata thumni marehemu akiwa ameacha watoto, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya fungu la wa kike. Shamba la minazi laweza kugawanywa kwa mipaka, lakini kasha moja haliwezi kukatwa mafungu manane. Kwa hiyo vyombo vya nyumbani vilipaswa kutajiwa bei na watu waaminifu wenye kuvijua, kisha ama mrithi mmoja akichukue kitu na kuwafidia wenzake, ama kiuzwe mnadani na fedha zigawanywe. Zaka nayo iliwafundisha watu kujua kiasi cha dhahabu na fedha walichonacho. Nisabu ya dhahabu, yaani kiwango kinachowajibisha zaka, ni mithqali 20, takriban gramu 85, na mwenye kuifikisha kwa mwaka mzima hutoa asilimia mbili na nusu.

Vito vilipelekwa kwa sonara. Huyu aliweka kikuku au mtali kwenye mizani, akausoma uzito kwa tola, ambayo ni takriban gramu 11.66. Usafi wa madini aliupima kwa kukisugua kipande juu ya jiwe jeusi na kutia tone la tindikali kwenye alama iliyobaki. Rangi ya alama ilimwonyesha ni kiasi gani cha shaba kimechanganywa. Kipimo hiki ni cha haki, kwani kila aliye dukani anauona mkono wa mizani. Lakini kinaiacha nje kazi ya fundi. Kikuku kilichochongwa kwa ustadi na kipande cha fedha ghafi vikilingana uzito, vilikaribiana bei. Matokeo yake mapambo mengi ya zamani yaliyeyushwa kila wakati mtindo ulipobadilika au familia ilipopatwa na dhiki, na yaliyosalia yamekuwa adimu.

Reale ya Maria Theresa inaonyesha mipaka ya mizani. Mtawala huyo wa Austria alifariki Novemba 1780. Sarafu yenye sura yake iliendelea kupigwa baada ya hapo ikiwa na mwaka uleule wa 1780, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Uarabuni na Zanzibar walikwisha kuizoea na kuiamini. Ilipigwa Vienna, na katika karne ya 20 ikapigwa pia Roma kuanzia 1935, London kuanzia 1936 na Bombay mwaka 1940 na 1941. Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha safi iliyomo ni gramu 23.39. Kwa sonara zote ni sawa. Mkusanyaji wa sarafu huangalia mambo mengine: idadi ya lulu kwenye kishikizo cha vazi begani, mpangilio wa manyoya ya mkia wa tai, umbo la msalaba mdogo unaofuata tarakimu za mwaka, na herufi S.F. zilizo chini ya kifua. Kwa alama hizo hujua ilikopigwa na takriban lini, na reale mbili zisizotofautiana hata chembe kwenye mizani huachana sana bei. Mwaka ulioandikwa juu ya kitu ni dai tu, na hupaswa kuthibitishwa.

Vitu vya heshima

Vitu vingine thamani yake ilikaa katika heshima ya mwenyewe. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, ukuta wa ndani ulijengwa zidaka, safu juu ya safu, na humo yakapangwa mabakuli na sahani kutoka ng'ambo. Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyeolewa na Mjerumani na kujulikana kama Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886 jinsi vyumba vya majumba ya Unguja vilivyopambwa kwa vyombo vya kaure na vioo. Kaure iliwekwa hata makaburini. Makaburi ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na kaburi la mnara la Mambrui, kaskazini ya Malindi, yalipachikwa mabakuli katika chokaa. Mengi yameng'olewa na kubaki mashimo ya duara.

Mlango ulitangaza cheo mbele ya mtaa mzima. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Zanzibar Desemba 1856, aliandika kwamba ukubwa wa lango, uzito wa kufuli na ukubwa wa misumari viliongezeka kadiri ya hadhi ya mwenye nyumba. Milango yenyewe si ya namna moja. Mingi ya zamani ina kizingiti cha juu kilichonyooka, chenye nakshi za maua au aya ya Qur'ani. Yenye upinde uliojaa majani na mizabibu ilienea mwishoni mwa karne ya 19 kwa athari za Kihindi. Na ile ya Kigujarati hugawanywa vidirisha vya mraba vyenye vitovu vya shaba. Mfaa wa katikati, unaofunika ungio la mabawa mawili, mara nyingi ndio uliochongwa kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine. Mlango ukiwa na tarehe, ni ya Hijria: uliochongwa 1300 ni wa kati ya Novemba 1882 na mwanzo wa Novemba 1883. Tarehe ya namna hiyo, ikiwa ni ya asili na si ya kuongezwa baadaye, ni ushahidi ambao samani nyingi za kale hazinao.

Vilikuwapo pia vitu visivyokuwa na bei kabisa. Siwa ya Pate, baragumu la pembe za ndovu, ina urefu unaozidi mita mbili. Mwenzake ni siwa ya shaba ya Lamu. Zilipulizwa katika harusi na sherehe za jamaa wa tabaka la juu, na zilikuwa alama ya mamlaka ya mji. Siwa haikumilikiwa na mtu mmoja hata aweze kuiuza. Leo zote mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Misikiti na nyumba za wakfu nazo zilikuwa nje ya soko, pamoja na milango yake. Jamii ya pwani ilijua tangu zamani kwamba kuthamini kitu hakulazimu kukitia bei.

Wakusanyaji na makumbusho

Kuingia kwa utawala wa kikoloni kulileta mnunuzi mwenye kipimo kipya. Makumbusho za Berlin, Leipzig na London zilitaka vitu kama vielelezo vya makabila na ufundi wao. Mwaka 1906 Karl Weule alisafiri kusini mashariki mwa Tanzania ya leo kukusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig, na alirudi na vinyago na vyombo vingi vya Wamakonde, Wayao na majirani zao. Vingine havikununuliwa hata kwa bei ndogo. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilipeleka Ujerumani silaha na vitu vya ibada vilivyotekwa. Ngoma ya ngadji ya Wapokomo wa bonde la Tana ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi sasa imo katika British Museum.

Makumbusho zikajengwa pia Afrika Mashariki. Beit el Amani ya Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1925, makumbusho ya Dar es Salaam mwaka 1940, na ile ya Lamu mwaka 1971. Kuwapo kwake kulibadilisha maana ya bei. Kitu kilichowekwa makumbusho na kuandikwa katika daftari kikawa kipimo cha kulinganishia vingine, na mwenye kasha au sahani akapata mahali pa kuuliza.

Elimu ya umri

Kabla ya katikati ya karne ya 20, umri wa vitu vingi vya pwani ulitajwa kwa kukisia. Uchimbuzi ndio uliobadilisha hali hiyo. James Kirkman alichimba Gedi kuanzia mwaka 1948, na Neville Chittick akachimba Kilwa miaka ya 1960. Vigae vilivyopatikana tabaka kwa tabaka viliweka ngazi ya miaka. Vyombo vya Ghuba ya Uajemi vyenye rangi ya feruzi huonekana katika tabaka za mapema. Vile vya udongo vilivyochorwa kwa kukwaruzwa chini ya rangi ya kioo ni vya kati ya karne ya 11 na ya 13. Kaure nzito ya kijani ya Longquan, China, hupatikana zaidi katika tabaka za karne ya 14 na 15. Na ile ya samawati na nyeupe huja baadaye. Mwishoni mwa karne ya 19 ziliingia sahani za viwandani kutoka Ulaya, nyingi zikiwa na muhuri wa Maastricht, Uholanzi. Mthamini huigeuza sahani kabla ya kuusifu uso wake, kwa kuwa kisigino na muhuri wa chini husema zaidi ya maua ya juu. Muhuri wenye jina la nchi, kama vile neno England, kwa kawaida huonyesha kwamba chombo kimetengenezwa baada ya 1891, mwaka ambao Marekani ilianza kudai bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka.

Sarafu za Kilwa zinatoa funzo kubwa zaidi. Ni vipande vidogo vya shaba, vingi vimelika, na kama madini havina bei ya kutajwa. Juu yake yameandikwa majina ya masultani kwa mistari yenye vina. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, ilipatikana Great Zimbabwe, na hivyo kushuhudia biashara ya dhahabu kati ya bara na pwani. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na askari aliyekuwa zamu huko. Alikaa nazo hadi 1979 ndipo zikatambuliwa. Umaarufu wa sarafu hizo umetokana na mahali zilipookotwa. Zingeuzwa kimya kimya kwenye meza ya vitu chakavu, zisingekuwa chochote.

Hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, iliyofukuliwa miaka ya 1980, inathibitisha jambo hilo kwa wingi. Ilikuwa na zaidi ya sarafu 2,000 za fedha zenye majina ya watawala wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu, zikiwamo za Wafatimi wa Misri. Kwa kuwa dinari za Wafatimi zinajulikana mwaka wake na zote zilikuwa pamoja, wataalamu waliweza kuzirudisha sarafu za Ali bin al-Hasan nyuma hadi karne ya 11. Kama hazina hiyo ingegawanywa kwa wanunuzi kabla ya kuandikwa, kila sarafu ingebaki na fedha yake, lakini karne ingepotea.

Kasha chini ya macho ya mthamini

Namna ushahidi unavyosomwa huonekana vizuri katika kasha. Makasha yanayoitwa ya Zanzibar mengi yalitoka Bara Hindi na Ghuba, na wauzaji wa pwani huyataja kwa majina ya Surat, Bombay na Shirazi kulingana na umbo na wingi wa shaba. Mthamini haanzi na uso wa mbele, uliokwisha kusuguliwa kwa ajili ya mnunuzi. Hulivuta kasha kutoka ukutani na kutazama mgongo na chini, ambako fundi hakuwa na sababu ya kupendezesha. Alama za msumeno zilizonyooka huashiria mkono. Zilizopinda kama sehemu ya duara huashiria msumeno wa mashine. Hutoa mtoto wa meza na kukagua maungio ya pembe. Huangalia kama ubao umesinyaa na kuacha nafasi, jambo la kawaida kwa mbao zilizokaa miaka mingi.

Kisha hutazama shaba. Msumari uliofuliwa kwa mkono haulingani kabisa na jirani yake, na chini ya bati la zamani ubao una rangi tofauti na ulioachwa wazi. Bati likibanduka na rangi ya chini ikawa sawa na ya pembeni, huenda limepigiliwa juzi. Matundu ya wadudu yana ushahidi pia: mdudu hutoka kwa tundu dogo la duara, kwa hiyo njia yake ikionekana imekatwa kwa urefu juu ya uso wa ubao, ubao huo ulipasuliwa baada ya kuliwa, na kasha limeundwa kwa mbao za kitu kingine. Bawaba mpya, komeo lililobadilishwa au rangi iliyopakwa upya hupunguza bei. Matengenezo ya zamani yaliyofanywa vizuri hayapunguzi sana.

Kiti cha enzi hukaguliwa kwa njia hiyohiyo. Kiti hiki cha Lamu, Pate na Siyu, cha mbao nyeusi na kikalio cha kamba, chenye mapambo ya pembe au mfupa, kiliundwa kwa sehemu zinazoweza kufunguliwa. Mafundi wa Lamu wanaendelea kukiunda, na kazi yao ni halali na nzuri. Kosa huanza pale kiti kipya kinapotiwa weusi, kikaachwa nje juani na mvuani, kisha kikauzwa kwa jina la karne ya 18.

Sheria na soko

Watalii walipoongezeka baada ya uhuru, vitu vya kale vilianza kuhama kwa kasi, na serikali zikaweka mipaka. Zanzibar ilikuwa na amri ya kuhifadhi majengo ya kale tangu 1927. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na inautaja waziwazi mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Sheria ya Kenya ya 1983 ilikiita cha kale kitu kilichokuwapo kabla ya 1895, na ikaulinda mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1946. Mwaka 2006 nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya ya makumbusho na urithi. Tanzania iliridhia mwaka 1977 mkataba wa UNESCO wa 1970 unaopinga usafirishaji haramu wa mali ya utamaduni. Kwa hiyo miaka ya mpaka iliyowekwa na sheria hizo imekuwa sehemu ya kuthamini. Mlango wa 1930 na wa 1960 unaweza kufanana, ila wa kwanza hauhamishwi bila kibali, na mnunuzi wa ng'ambo asiye na kibali hana alichonunua.

Pembe za ndovu zimefuata njia kama hiyo. Uamuzi wa mkataba wa CITES wa mwaka 1989 ulifunga biashara ya kimataifa ya pembe. Uingereza ilipitisha sheria ya 2018, iliyoanza kutumika 2022, inayokataza uuzaji isipokuwa kwa vitu vichache, kama vile vya kabla ya 1947 ambavyo pembe haifiki asilimia 10 ya kitu kizima. Kiti cha enzi chenye mapambo madogo kinaweza kupita hapo kikithibitishwa. Kitu kilichochongwa kwa pembe tupu hakipiti, ila kiwe cha kabla ya 1918 na chenye ubora wa kipekee.

Kisa cha vigango kilionyesha madhara ya soko lisilouliza. Vigango ni nguzo za mbao ambazo Wagiriama na Wamijikenda wengine husimamisha kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Miaka ya 1970 na 1980 viliibwa kwa wingi na kuuzwa Marekani kama sanaa, na baadaye vingi vikatolewa zawadi kwa makumbusho. Sheria ya kodi ya huko humruhusu mtoaji kupunguziwa kodi kulingana na thamani ya zawadi, kwa hiyo karatasi ya mthamini ilikuwa na faida ya moja kwa moja. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa na vigango viwili vya nduguze. Muda mfupi baadaye viliibwa. Mwaka 1999 alikitambua kimoja katika mkusanyiko wa makumbusho huko Illinois, Marekani, na kingine kikapatikana Hampton University, Virginia. Picha ile ndiyo iliyokuwa ushahidi, na vyote viwili vilirejeshwa Kenya kati ya 2006 na 2007. Makumbusho ya Denver iliamua kurudisha 30, vilivyofika Kenya mwaka 2019. Kwa familia zilizovisimamisha, kigango hakikuwa na bei hata siku moja. Bei waliyoandika wathamini ilikuwa ya kitu kilichoibwa.

Thamani inavyoandikwa leo

Kutokana na historia hiyo, mthamini makini huuliza kwanza kusudi. Bei ya bima ni gharama ya kupata kitu kinacholingana, na kwa kawaida huwa ya juu. Bei ya mirathi ni ile ambayo kitu kingeuzwa siku ya kifo. Bei ya mnada hukadiriwa kwa mauzo ya vitu vinavyofanana, na hupungua kwa ada ya mnadani. Thamani ya makumbusho haitajwi kwa fedha peke yake.

Taarifa yake huwa na picha za kila upande, vipimo, aina ya mbao au madini, alama na maandishi, kasoro na matengenezo, tarehe inayokadiriwa pamoja na sababu zake, na historia ya umiliki. Mpango wa kuandika mambo hayo kwa namna moja duniani, uitwao Object ID, ulizinduliwa mwaka 1997 ili kitu kilichoibwa kitambulike popote kitakapoonekana. Malipo ya mthamini huwa kiasi kilichopangwa, si asilimia ya bei anayoitaja, na hanunui kitu alichokithamini yeye mwenyewe. Warithi wengi wamepoteza mali kwa sababu aliyewatajia bei ndiye aliyekuwa mnunuzi. Kabla ya kukubali bei yoyote ni vyema kupata maoni ya makumbusho au ofisi ya Mambo ya Kale, ambako pia hutolewa jibu kuhusu kibali.

Sehemu ya ushahidi ambayo mtaalamu hawezi kuiunda ni maelezo ya wenye mali: nani alileta kasha, lilitoka kwa nani, mlango ulikuwa wa nyumba ipi na mtaa upi, sahani ilikaa chumba gani. Maelezo hayo yakiandikwa na kutiwa tarehe wakati wazee wanaoyajua wangali hai, pamoja na picha ya kitu mahali pake, huongeza bei pale kitu kinapouzwa kihalali, humlinda mrithi mdogo wakati wa kugawana, na hukirudisha kitu kwao kikiibwa.